Miwani mpya inapokuyumbisha

Nikimkabidhi mtu miwani mpya simruhusu aondoke hapo hapo. Namwambia atembee kidogo varandani, aende na kurudi. Wengi hawafiki mwisho. Wanasimama, wanatazama chini, halafu linakuja lile swali: "Daktari, mbona sakafu imeinama?" (Mimi ni mtaalamu wa optometria, yaani mpimaji wa macho na miwani, lakini hapa Kigoma kila mwenye koti jeupe ni daktari. Nimeshaacha kubishana.)

Sakafu iko vilevile. Lenzi za kuonea mbali, zile zenye alama ya kutoa, hupunguza kidogo ukubwa wa kila kitu, kwa hiyo ardhi inaonekana imezama na wewe umerefuka. Lenzi za kujumlisha hukuza, na ngazi inaonekana imekusogelea kabla hujaikanyaga. Wanaohangaika zaidi ni wenye silinda, yaani namba ya jicho ambalo mbinuko wake haulingani pande zote. Lenzi hiyo hukuza picha upande mmoja kuliko mwingine, hivyo mlango ulionyooka unaonekana umelala na meza inaonekana pana upande mmoja. Ubongo umeishi miaka mingi na picha ya zamani na umezoea kuinyoosha wenyewe; ukiletewa picha nzuri unaendelea kuinyoosha vilevile. Kwa wengi huchukua siku chache kuacha. Mwenye silinda kubwa, au lenzi zenye namba mbili (juu ya mbali, chini ya kusomea), anaweza kufika wiki mbili.

Kinachochelewesha ni kuvaa na kuvua. Mtu anavaa asubuhi, saa nne kichwa kinamgonga, anarudia ile ya zamani, jioni anajaribu tena. Hapo ubongo haujui ushike lipi. Vaa tangu unapoamka, anzia nyumbani mahali unapopajua, na ile ya zamani ifungie. Ila mji wetu ni wa miteremko: siku za kwanza ukishuka kutoka Mwanga kwenda stesheni, shuka taratibu, na kama ni wa bodaboda mwachie mwenzako pikipiki mpaka uzoee. Wenye lenzi za namba mbili, kwenye ngazi inamisha kichwa chote. Ukishusha macho peke yake unachungulia kwenye sehemu ya kusomea, na ngazi inapotea.

Sasa, si kila usumbufu ni wa kuvumilia. Ziba jicho moja kwa kiganja, tazama kalenda ukutani, kisha ziba la pili. Kama jicho moja lina ukungu na halikuwa hivyo siku ya kupimwa, au ukifungua yote mawili unaona vitu viwili viwili, rudi kesho yake, usisubiri wiki mbili ziishe. Huenda katikati ya lenzi hapakulingana na mboni zako, au silinda imekatwa kwa mhimili (mwelekeo) usio wake. Hayo ni makosa ya miwani, na kuyatafuta ni kazi yetu.

Kuna kundi la tatu ambalo namba zao ni sahihi kabisa lakini hazifai. Mzee mmoja fundi wa nyavu pale Kibirizi alikuwa na miwani ya kusomea ya +2.50. Gazeti alisoma bila shida, ila wavu haukuonekana. Nikamwomba akae chini sakafuni aniigizie kazi. Akavua ndala, akashika wavu wa kufikirika kwa kidole gumba cha mguu, akauvuta ukakaza, mkono mwingine ukapitisha sindano. Futi kamba ikanipa sentimita 60 na ushee kutoka jichoni hadi kwenye fundo. Kwa umri wake, lenzi ya +2.50 huona vizuri kwenye sentimita 40, basi. Tulimshushia hadi +1.50. Kwa hiyo ukija kupimwa sema unafanya kazi gani na unaishikaje. Fundi cherehani, mchambua dagaa na mwalimu hawatazami umbali mmoja.

Miwani ya kusomea ya mezani sokoni siigombi. Ukiwa umepita miaka 40, macho yako mawili yanalingana na huna silinda, itakusaidia. Lakini hakikisha umepimwa kwanza walau mara moja, maana presha ya macho mara nyingi haiumi na muuza miwani hawezi kuiona. Na hapana, miwani haiharibu macho. Lenzi iliyo ndani ya jicho huzidi kukakamaa kadiri umri unavyosonga, uvae usivae.

Mwenye kisukari kilichopanda simpi namba siku hiyo. Sukari huibadilisha lenzi ya jicho, na namba ya leo inaweza isifae wiki chache zijazo sukari ikishuka. Wengine hunikasirikia. Afadhali hasira kuliko hela ya lenzi kupotea.

Vivyo hivyo babu anayejisifu kwamba siku hizi anasoma bila miwani: mleteni. Mara nyingi ni mtoto wa jicho anayekomaa, ndiye anayemrudishia kusoma karibu kwa muda huku mbali kukififia. Ukiona vimulimuli vya ghafla au pazia jeusi linashuka upande mmoja, hilo si suala la miwani, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na mtoto anayejikuna macho msimnunulie matone ya steroidi kwa kukisia. Yakitumika muda mrefu bila usimamizi hupandisha presha ya jicho.

Ukija kulalamika, njoo na miwani yote miwili na karatasi ya namba, na uingie ukiwa umeivaa. Kwa joto na jasho la hapa fremu huteleza hadi katikati ya pua, na lenzi ikishuka milimita chache tu, mwenye namba kubwa anaona tofauti. Malalamiko mengi huishia hapo, kwa kukunja mikono ya fremu nyuma ya masikio na kukaza skrubu. Hilo silitozi.