Je, wajua kwa nini tovuti uliyoilipia inaweza kuwa si yako?

Asubuhi moja dada yangu alinipigia simu kabla hata hajafungua duka. Anauza pazia Eastleigh, ghorofa ya pili kwenye jumba lenye maduka mengi. Mteja wa Syokimau alikuwa amemwandikia kwamba tovuti ya duka haifunguki. Nikajaribu kwa simu yangu, nikakuta ukurasa mweupe unaosema jina hilo limekwisha muda.

"Dada, jina lilisajiliwa kwa baruapepe ya nani?"

"Ya yule kijana aliyenitengenezea. Kwani si nilimlipa?"

Alikuwa amemlipa, shilingi elfu thelathini, na kazi yenyewe ilikuwa safi. Kijana hakuwa tapeli. Alipata kazi ng'ambo, akabadilisha nambari, na vikumbusho vya kulipia jina vikaendelea kuingia kwenye baruapepe ambayo aliacha kuifungua. Wakati huo jina lilikuwa limechapishwa kwenye bango la duka, kwenye vitabu vya risiti na kwenye mifuko ya kitambaa iliyojaa stoo.

Wenye biashara hapa Nairobi huniuliza mara kwa mara kama wajitengenezee tovuti au wamlipe fundi. Nitalijibu, ila kuna swali linalotangulia, na ndilo lililomponza dada: funguo ziko kwa nani?

Tovuti ni vitu vitatu vilivyounganishwa. Kuna jina, ambalo wataalamu huliita jina la kikoa. Kuna nafasi kwenye seva, yaani kompyuta isiyozimwa ambamo kurasa zako zimehifadhiwa. Halafu kuna kurasa zenyewe: maneno, picha, rangi na mpangilio. Fundi akikuuzia kifurushi, vyote vitatu vinaonekana kama kitu kimoja chenye bei moja. Lakini kila kimoja kina daftari lake, na katika kila daftari kuna jina la mtu.

Mfikirie mtu aliyenunua ploti Kitengela na kujenga nyumba ya mawe. Nyumba ni zile kurasa, ploti ni nafasi kwenye seva. Jina la kikoa ni kibao kinachowaelekeza watu kuja, pamoja na daftari linaloonyesha nani ameandikwa kuwa mwenyewe. Tofauti ni kwamba kurasa unaweza kuzijenga upya na seva unaweza kuihama ndani ya siku moja bila mteja kugundua. Jina likishachukuliwa na mtu mwingine, huna njia ya kulitengeneza upya.

Jina hufanyaje kazi? Mfumo wa majina ya intaneti ulibuniwa mwaka 1983 na Paul Mockapetris, Mmarekani, ili watu wasilazimike kukariri tarakimu za anwani za kompyuta. Jina husomwa kutoka kulia. Mteja akiandika jina linaloishia na .co.ke, kuuliza kunaanzia kwa .ke: nani anajua habari za .ke? Hapo ndipo linapoingia shirika la KeNIC, lenye daftari kuu la majina yote ya Kenya. Daftari hilo ndilo linalosema jina lako linahudumiwa na seva zipi, na simu ya mteja inakwenda huko. Yote hayo huisha kabla hujapepesa jicho.

KeNIC haikuuzii jina moja kwa moja. Unanunua kwa wasajili walioidhinishwa, kampuni ambazo nyingi zinakubali M-Pesa, na kwa kawaida jina la .co.ke ni shilingi elfu moja na kitu kwa mwaka. Unafungua akaunti, unaandika jina lako, baruapepe na simu, unalipa. Kuanzia hapo, anayeweza kuingia kwenye akaunti ile anaweza kulielekeza jina popote, kulihamishia kwa msajili mwingine, au kuliacha lifikie tarehe yake na kufa. Mfumo hauulizi ni nani aliyelipa fedha za kutengeneza kurasa. Unauliza nywila.

Majina ya .com yana ngazi zake za kufa. Tarehe ikipita, msajili huwa na kipindi cha kukusubiri ulipe kama kawaida. Kikiisha, jina huingia katika siku 30 za kukombolewa, na hapo bei hupanda mara nyingi zaidi. Baada yake kuna siku 5 ambazo hakuna mtu anayeweza kuligusa, kisha linakuwa huru kwa yeyote. Kuna watu na programu zinazovizia majina yaliyokwisha muda kwa sababu tayari yana wageni. Ndiyo maana duka la vifaa vya watoto linaweza kuamka siku moja jina lake likiwapeleka wateja kwenye kamari.

Wapo wanaofikiri sheria itawaokoa. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inakupa nguvu fulani: kazi uliyoiagiza kwa fundi asiye mwajiriwa wako huhesabika kwamba hakimiliki yake imehamia kwako, isipokuwa mmekubaliana vingine. Hiyo inahusu kurasa. Jina la kikoa ni mkataba kati ya msajili na yule aliyeandikwa kwenye akaunti, na kama aliyeandikwa ni fundi, utaanza kukimbizana naye.

Sasa tuje kwenye kujitengenezea. Mtu anayejua kutumia simu vizuri anaweza kutengeneza tovuti ya kurasa tatu ndani ya wikendi moja. WordPress, programu huria iliyoanza mwaka 2003, ni ya bure na ndiyo inayoendesha tovuti nyingi kuliko programu nyingine yoyote duniani. Yapo pia majukwaa ya kulipia kila mwezi, ambako unachagua kiolezo, yaani mpangilio uliokwisha kutayarishwa, na kuburuta vitu kwa kidole. Kwa kinyozi wa Ngara, fundi cherehani wa Kawangware au mwalimu wa kinanda, ushauri wangu ni uanze mwenyewe. Ukurasa mmoja wenye kazi yako, bei zako, mahali ulipo na nambari ya WhatsApp unatosha. Ongeza wasifu wa biashara kwenye Google, ambao ni bure na ndio unaokutokeza kwenye ramani mtu akitafuta "kinyozi karibu nami".

Nami nilianza hivyo, na nilijifunza kwa kuumia. Nilijenga kwenye jukwaa la kulipia, mwaka wa pili ada ikapanda, nikataka kuhama. Hapo ndipo nilipogundua kwamba maneno na picha ningeweza kuvichukua, lakini mpangilio wote ulibaki kwao. Nyumba ilikuwa imejengwa kwa matofali yasiyoruhusiwa kutoka kwenye ploti ya mwenye jukwaa. Kilichoniokoa ni kwamba jina nilikuwa nimelisajili kando, kwa akaunti yangu. Nilijenga upya kwa WordPress, nikalielekeza jina kwenye seva mpya, na wateja hawakujua.

Anayejijengea hukwama zaidi kwenye jambo analolidharau: picha. Simu ya leo hupiga picha yenye megabaiti tatu au nne. Ukipandisha kumi na mbili kama zilivyo, ukurasa wako una megabaiti karibu hamsini. Mtazame mteja aliye ndani ya matatu ya Rongai na bando la megabaiti mia moja. Anagusa kiungo, juu panatokea ukanda mwembamba wa picha ya kwanza, unateremka polepole kama pazia lililokwama kwenye reli, matatu inapita Galleria, bado anaona nusu ya kochi. Anafunga. Bando limeliwa na hajaiona bei. Picha hizohizo zikipunguzwa ukubwa mpaka kilobaiti mia mbili kila moja, ukurasa mzima ni kama megabaiti mbili na nusu, na kwa macho ya simu hakuna tofauti. Fundi mzuri hufanya hivyo bila kuambiwa. Ukijifanyia mwenyewe, ziko programu za bure za kupunguza picha; zitumie kabla ya kupandisha chochote.

Mahali pa pili pa kukwama ni malipo. Kuandika nambari yako ya Lipa na M-Pesa kwenye ukurasa hakuhitaji fundi. Kinachohitaji fundi ni pale mteja anapobonyeza "lipa", ujumbe wa kuomba PIN unajitokeza kwenye simu yake, na oda inajiandika yenyewe kwamba imelipwa. Safaricom ina mfumo wake wa kuunganisha malipo hayo, unaoitwa Daraja. Tovuti yako hutuma ombi, mteja anaweka PIN, kisha Safaricom hutuma jibu kwenye anwani maalumu ya seva yako, na seva hiyo lazima iwe macho, ilipokee jibu na kulioanisha na oda sahihi. Ukikosea hapo, mteja amelipa na daftari lako linasema hajalipa, au mbaya zaidi, tovuti inaamini kwamba mtu amelipa kumbe hakulipa. Kazi hii sitamshauri mtu aijaribu usiku baada ya kufunga duka. Mlipe anayeijua, na umwombe akuonyeshe ile aliyokwisha kuunganisha kwa mwingine ikifanya kazi.

Na ukikusanya majina, simu na anwani za wateja, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu wewe mwenye biashara, hata kama fomu ilitengenezwa na fundi.

Lakini nimeona kwamba tofauti kubwa kati ya fundi hasa na kiolezo ni maswali. Kiolezo kinakupa nafasi ya picha kubwa juu na sentensi ya kujisifu, basi kila mtu anaandika "huduma bora kwa bei nafuu". Dada alipopata fundi wa pili, binti mmoja aliyetambulishwa kwetu na jirani wa dukani, hakutoa kompyuta. Aliketi kwenye kigoda katikati ya marobota ya vitambaa, akauliza, "Mama, wateja wakipiga simu huuliza nini kwanza?"

Dada hakufikiria. "Kama tunakwenda nyumbani kupima dirisha. Halafu bei ya kushona kwa mita. Halafu wanapotea, hawaoni ngazi."

Leo ukiifungua ile tovuti, mstari wa kwanza unasema wanakuja kupima bila malipo, wa pili una bei kwa mita, na chini yake kuna picha ya mlango wa jumba na mshale unaoonyesha ngazi. Hakuna sentensi ya kujisifu hata moja.

Kabla binti yule hajaanza, aliweka sharti ambalo sikutarajia litoke kwake. Alisema jina lisajiliwe na dada mwenyewe, kwa baruapepe yake na simu yake, na yeye apewe ruhusa ya kufanya kazi tu. La seva likawa vivyo hivyo. Nywila zote dada aliziandika kwenye daftari la madeni, ukurasa wa nyuma kabisa. Jina la zamani hatukulipata. Lilikuwa limeshachukuliwa, na ile mifuko ya kitambaa ikabandikwa stika zenye jina jipya, mmoja mmoja, jioni tatu mfululizo.

Kama hujui jina la biashara yako liko kwa nani, lichungulie leo. KeNIC ina ukurasa wa kutafuta majina ya .ke, na utaona jina liko kwa msajili gani na linakwisha lini. Kisha mpigie fundi wako wakati bado anapokea simu, umwombe kwa upole akuhamishie akaunti, au akupe msimbo wa kuhamisha jina. Fundi mwaminifu hamalizi hata saa moja kufanya hivyo.

Mwaka huu kikumbusho cha dada kilimkuta South B, amesimama juu ya ngazi na tepu mkononi, akipima dirisha la mteja. Alishuka, akalipa kwa M-Pesa, akapanda tena.