Programu yako ya kwanza ikigoma, usifunge simu

Kila tukipokea wanafunzi wapya hapa kwenye kitengo chetu cha kompyuta swali ni lilelile, mwalimu nianze na lugha gani ya kuandikia programu, na ukimchimba unakuta kamaliza wiki mbili YouTube anaangalia watu wanabishana lugha ipi bora na hajaandika hata mstari mmoja. Jamani. Anza na Python, ipo toka 1991, ni ya bure, na kama huna laptop simu ya Android inatosha, shusha Pydroid 3, app ya kuandikia na kuendeshea Python, uanze leoleo. (Kwa Kiingereza python ni chatu, ila jina halina uhusiano naye, Guido van Rossum aliyeitengeneza alilitoa kwa kundi la wachekeshaji wa Uingereza.)

Ila usianze na app ya kushindana na M-Pesa. Chukua hesabu unayoijua, tuseme mama muuza chapati, asubuhi kauza 5000, jioni 7000, unataka jumla. Unaandika kwa mkono wako, sio kukopi:

asubuhi = input("Asubuhi: ")
jioni = input("Jioni: ")
print(asubuhi + jioni)

Unajaza, inakuletea 50007000. Mama katajirika ghafla! Hapo ndo wengi wanakata tamaa eti hesabu haziwapendi, wakati kompyuta haijakosea kitu, input inapokea chochote kama maandishi tu, hata kama wewe umeandika namba, kwahiyo ukiweka alama ya kujumlisha inayaunganisha kama majina mawili. Iambie ni namba, int(input("Asubuhi: ")), na jioni hivyohivyo, itakupa 12000.

Sasa umeshaweka int, mtu anaandika 5,000 na koma yake kama tulivyozoea, programu inakatika na kukumwagia maneno kibao ya Kizungu. Usiyakimbie, anza kusoma mstari wa mwisho kabisa, utakuta ValueError, yaani thamani uliyoipa haikubaliki, halafu panda juu kidogo utaona namba ya mstari wenye shida. Basi. ChatGPT nayo iombe ikueleze kosa, isikuandikie kazi.

Ukishaweza hapo toa gharama ya unga na mafuta upate faida, kisha zungusha siku 7 kwa for, amri ya kurudia kazi ileile. Na zile nafasi 4 mwanzoni mwa mistari iliyo ndani ya for usizisahau, nakujua utazisahau.