Nipe sentensi kwanza, ndipo tujue "fish" ni neno la aina gani

Jioni moja katika darasa langu la Kiingereza la watu wazima hapa Kisumu niliandika ubaoni, "They fish at night," nikauliza "fish" ni neno la aina gani. Karibu wote wakaitikia pamoja: nomino! Mama mmoja anayeuza samaki kwenye ufuo wa Dunga hakuitikia. Alitazama ubao, kisha akasema, "Lakini mwalimu, hapo sioni samaki. Naona watu wanavua."

Ni yeye aliyepata. Wenzake walikuwa wamekariri tangu shule ya msingi kwamba "fish" ni samaki, na samaki ni nomino.

Kiswahili kimetuzoesha neno linalovaa sare. Mvuvi, wavuvi, uvuvi, wamevua: viambishi vinakutajia aina ya neno hata kabla hujaelewa maana yake. Neno la Kiingereza mara nyingi huja bila sare, nawe unalitambua kwa mahali lilipokaa na kazi linayofanya. Tazama "fast". Katika "a fast boat" ni kivumishi, kwa kuwa linaeleza mashua. Katika "the boat moves fast" ni kielezi, linaeleza mwendo. "Muslims fast during Ramadan" ni kitenzi, na "the fast ends at sunset" ni nomino. Herufi ni nne zilezile, hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa.

Kwa hiyo wanafunzi wangu nawafundisha kupima. Tia "will" mbele ya neno: "They will fish at night" inakubali, basi hicho ni kitenzi. Tia "the": "They the fish at night" inakataa papo hapo. Kipimo hiki hakitoshi kila mahali, ila kinamtoa mtu kwenye kukisia.

Aina zenyewe tunahesabu nane: nomino, viwakilishi, vitenzi, vivumishi, vielezi, vihusishi, viunganishi na vihisishi. Hesabu hiyo ya nane ni ya kale. Mgiriki Dionysius Thrax, zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, naye alitaja nane, ila kivumishi hakukipa nafasi yake. Alikihesabu ndani ya nomino. Katika nane zake mlikuwa na aina ya maneno kama "the"; Walatini, ambao lugha yao haina neno kama hilo, waliiacha aina hiyo wakaweka kihisishi. Napenda wanafunzi walijue hili, wasiiogope orodha kana kwamba ilishuka kutoka mbinguni.

Vielezi ndivyo vinavyoniumiza moyo, maana kosa lake linaweza kumharibia mtu kazi. Wengi wamefundishwa kwamba kielezi huishia na "-ly". Basi "friendly" wanakiita kielezi, kumbe ni kivumishi. Hilo ni dogo. Lililo kubwa ni barua ya kuomba kazi niliyopewa nisahihishe, ambayo mwandishi, kijana mwenye bidii kwelikweli, alikuwa ameandika "I work hardly." "Hardly" maana yake ni "kwa nadra" au "karibu si kabisa". Alitaka "I work hard," na msomaji angemwelewa kinyume.

Kuna pia mtego wa tafsiri. Sisi husema "nina njaa", na njaa ni nomino. Mwingereza husema "I am hungry", kivumishi. "Nimechoka" ni kitenzi, "I am tired" ni kivumishi. Mtu akishazoea hilo "am", huandika hata "I am agree", ilhali "agree" ni kitenzi kinachojitosheleza: "I agree." Usidhani neno litabaki na aina yake likivuka kwenda lugha nyingine.

Wiki iliyofuata yule mama alileta sentensi yake mwenyewe, ameiandika nyuma ya risiti: "We ice the fish before the bus leaves." Aliniuliza kama inaruhusiwa, kwa sababu barafu ni kitu.

"Inaruhusiwa kabisa, mama," nikamwambia. "Hapo 'ice' ni kitenzi. Na 'fish' safari hii ni nomino."