Kiwango cha kuagiza upya: lini upige simu Dar, na uagize viroba vingapi

Saa moja asubuhi mama wa chapati anaingia duka la jumla, Mtwara mjini, anataka kiroba cha unga wa ngano cha kilo 25. Anaambiwa, "Umeisha mama, gari lipo njiani." Hagombi. Anavuka barabara, anaununua duka la pili, na kwa kuwa ameshafika hapo anachukua na mafuta na sukari. Mwenye duka la kwanza hajapoteza unga peke yake. Huenda kampoteza na mteja.

Alikosea siku ya kupiga simu. Kiwango cha kuagiza upya ni idadi ya mzigo iliyobaki stoo ambayo, ukiifikia, unaagiza siku hiyohiyo, hata kama kwa macho bado mzigo unaonekana mwingi. Chukua mauzo ya siku, zidisha kwa siku ambazo mzigo hukaa njiani tangu ulipoagiza hadi makuli wanaposhusha. Ukiuza viroba 6 kwa siku na mzigo huchukua siku 5, kiwango chako ni 30.

Lakini 30 inatosha pale tu kila kitu kinapokwenda kama kawaida, na sisi wa kusini barabara yetu tunaijua. Dar ni zaidi ya kilomita 500. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mvua zilikata barabara kuu pale Somanga, Lindi, na magari yakakwama pande zote mbili. Hata bila kimbunga, kuna gari kuharibika, kuna kiwanda kuchelewa kupakia. Kwa hiyo juu ya ile 30 huongezwa akiba ya tahadhari. Njia rahisi ya kuipata: tazama siku uliyouza sana, tuseme viroba 8, na safari iliyochelewa sana katika miezi ya karibuni, tuseme siku 8. Nane mara nane ni 64. Ukitoa 30 inabaki 34, hiyo ndiyo akiba, na simu unapiga vikibaki viroba 64. Janga kama la Somanga halimo humo. Kujikinga na janga lile kunataka mtaji ambao maduka mengi hayana.

Huhitaji kompyuta. Tenga viroba 64 nyuma ya stoo, uza vya mbele kwanza. Siku unayogusa kiroba cha kwanza cha nyuma ndiyo siku ya simu, na mzigo mpya ukifika, vya zamani vije mbele, maana unga ukikaa sana kwenye joto la pwani huingia wadudu. Namba zenyewe zitoke kwenye daftari: tarehe uliyoagiza, tarehe uliyopokea. Na zipige upya kabla ya Ramadhani, na kabla fedha za korosho hazijaanza kuingia mifukoni, kwani mauzo ya wakati huo si ya mwezi wa kawaida.

Uagize vingapi? Hilo ni swali jingine, na jibu lake ni la zamani. Mwaka 1913 mhandisi wa Marekani, Ford W. Harris, alichapisha hesabu ya vipuri vingapi kiwanda kitengeneze kwa mkupuo mmoja. Kwa mwenye duka hesabu ni ileile: ukiagiza kidogokidogo, gharama za kila oda zinakula faida; ukiagiza kwa wingi, mtaji unalala stoo. Chukua mauzo ya mwaka mara mbili, zidisha kwa gharama ya oda moja, gawa kwa gharama ya kutunza kiroba kimoja mwaka mzima, kisha tafuta kipeuo cha pili, yaani namba ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata jibu hilo. Kwa viroba 1,800 kwa mwaka, shilingi 40,000 kwa oda na 4,000 kwa kiroba, unapata karibu 190.

Ninachokipenda kwenye kanuni hii ni kwamba haikubani. Kama fedha iliyopo inatosha viroba 150 tu, gharama hizo mbili kwa pamoja zinapanda kutoka kama shilingi 759,000 hadi 780,000 kwa mwaka, chini ya asilimia 3. Agiza 150 bila hofu. Kosa linaloumiza ni la siku ya simu.

Kwa mwenye kiwanda cha kubangua korosho mambo hubadilika kabisa. Mnada ukishafungwa hakuna mahali pa kuagiza upya mwezi Mei, kwa hiyo anapaswa kununua korosho ghafi ya miezi mingi kwa mara moja, na kilo moja ya korosho iliyobanguliwa hula kilo nne hadi tano za ghafi. Kinachobaki mkononi mwake ni mwendo wa kazi ndani ya kiwanda. Meza ya kumenya, inayoondoa ngozi nyembamba baada ya kubangua, ikimaliza kilo 200 kwa siku na wabanguaji wakatoa 300, kila jioni kilo 100 zinalala kwenye trei zikisubiri, zinavuta unyevu na kuwa ngumu kumenyeka. Mwenye kiwanda huyo apange kazi kwa kasi ya meza ya kumenya, aanzie hapo kurudi nyuma hadi kwenye chungu cha mvuke, ambako korosho hupikwa kabla ya kubanguliwa.