Kisima chako hakikuondoi mjini

Wiki iliyopita niliulizwa tena. Safari hii ilikuwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha mtaa, saa nne usiku, mtu ametoka kusoma bili yake: "Mimi nina kisima changu. Nimekichimba kwa pesa zangu. Choo nina septiki. Niondoeni kwenye huu mfumo wa maji, kila mtu alipie anachotumia." Kufika asubuhi, watu zaidi ya thelathini walikuwa wamemuunga mkono kwa dole gumba.

Napima ubora wa maji hapa Nakuru, ndiyo kazi inayonilisha. Maneno hayo nimeyasikia Kiamunyi, nimeyasikia Naka, Milimani na Lanet, na kila nikiyasikia yananichoma, kwa sababu wanaoyasema si watu wabaya. Ni watu waliofungua mfereji alfajiri ukatoa hewa tupu, bili ikaja vilevile, wakachoka. Hasira yao naielewa. Hesabu yao ndiyo mbovu, na nimeamua kuieleza mahali pamoja ili nisiwe narudia kila mwisho wa mwezi.

Neno "changu" nalipita haraka. Kwa Sheria ya Maji ya 2016, maji yaliyo chini ya ploti yako yako mikononi mwa serikali ya taifa kwa niaba ya Wakenya wote. Ulichonunua wewe ni shimo, mabomba na pampu. Kisima cha mashine kinataka kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na mwenye kibali hulipia anachovuta. Hilo limekwisha.

Linaloniumiza ni jingine. Mwalimu mmoja mstaafu aliwahi kuniita kwake nipime kisima alichokichimba kwa pesa za kiinua mgongo. "Kijana wangu," aliniambia, "haya maji ni matamu kushinda ya bomba. Hayanuki klorini." Nikamjibu, "Ni kweli, Mwalimu, hayanuki." Nikasuuza chupa ya plastiki mara tatu, nikakinga, nikafungua vifaa vyangu pale barazani. Mililita 10 za maji, mililita 2 za dawa nyekundu iliyokolea, ngoja dakika moja. Dawa hiyo inapima floraidi, madini yanayoyeyuka majini kutoka miambani: kadiri floraidi inavyozidi, ndivyo wekundu unavyofifia. Wekundu wa Mwalimu ulififia mbele ya macho yetu. Mashine ikakataa kusoma, kwa maana mwisho wake ni miligramu 2 kwa lita. Nikachanganya upya, sehemu moja ya maji ya kisima na sehemu tatu za maji yasiyo na madini yoyote, nikarudia. Ikasoma 1.1. Kwa kuwa nilikuwa nimeyapunguza makali mara nne, nikazidisha: 4.4. Kiwango cha mwisho kinachokubalika, cha Shirika la Afya Duniani na cha hapa kwetu, ni 1.5.

Wakati naandika, mjukuu wake alikuja na chai. Alipotabasamu kunikaribisha niliona meno yake mawili ya mbele yana michirizi ya hudhurungi iliyokata katikati. Mwalimu hakuitazama mashine tena. Alimtazama yule mtoto, akasema polepole, "Nilidhani amezaliwa nayo."

Hakuzaliwa nayo. Tunaishi juu ya miamba ya volkano. Maji yakikaa ndani ya miamba hiyo miaka mingi yanayeyusha floraidi, na kwa kuwa maji ya Bonde la Ufa yana magadi mengi na chokaa kidogo, hakuna cha kuishika floraidi ikatuama, inabaki majini. Meno yanaharibika yakiwa bado yanaumbwa ndani ya ufizi, utotoni, kwa hiyo doa unaloliona leo ni la maji ya miaka iliyopita. Mtu akiendelea kunywa maji yenye kiwango cha juu zaidi kwa miaka mingi, floraidi huingia mifupani, viungo vikakakamaa.

Hapa ndipo watu hunikatiza: "Tutachemsha." Tafadhali nisikilizeni. Kuchemsha kunaua vijidudu, na vijidudu ni balaa kubwa, kwa hiyo chemsheni. Lakini floraidi haifi kwa moto. Mvuke unatoka, maji yanapungua, floraidi inabaki sufuriani. Klorini haiigusi. Chujio la kawaida la mchanga au la udongo haliigusi. Kinachoitoa hapa kwetu ni mashine ya kuchuja kwa utando, ambayo ni ghali, au mkaa wa mifupa: mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kwa hewa kidogo ikasagwa, kazi ambayo Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imeifanya tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Nao mkaa huo hujaa. Usipobadilishwa kwa wakati, ndoo inaonekana inachuja na haichuji kitu.

Nitasema ukweli wote ili nisionekane natetea bomba. Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Nakuru nayo hutoka visimani, Kabatini na Baharini, na nayo yana floraidi. Tofauti ni kwamba yana mahali pa kuchanganywa na maji mengine, kama ya mto Turasha, na yana watu wanaolazimika kuyapima na kuulizwa. Kisima chako kinapimwa na nani? Wengi wananionyesha karatasi ya siku kilipochimbwa, basi.

Hata ile 1.5 yenyewe hunisumbua. Ni namba inayotegemea mtu anakunywa maji kiasi gani na anapata floraidi wapi kwingine, na Shirika la Afya Duniani lenyewe linasema kila nchi ilitazame hilo. Sasa fikiria nyumba ya kwetu: majani ya chai yana floraidi, watoto wanakunywa chai asubuhi na jioni, na githeri imetiwa magadi iive upesi. Magadi yana floraidi nyingi. Nikipata kisima kinachosoma 1.4 naandika "kinafaa" kwa sababu ndivyo kanuni inavyosema, lakini kama nyumba ina mtoto wa miaka mitatu, mkono wangu unasita.

Sasa septiki, lile tangi la chini ya ardhi linalopokea uchafu wa choo. Ploti nyingi za mjini ni hamsini kwa mia, yaani futi, takriban mita 15 kwa 30. Kanuni ya kawaida ya fani yetu inataka mita 30 kati ya kisima na shimo la choo au shimo linalonywesha maji ya septiki ardhini. Pima mwenyewe. Kutoka pembe hadi pembe ya ploti hiyo ni mita 34 hivi. Ukiweka kisima pembe moja na shimo pembe ya pili, umejiokoa na choo chako. Na jirani wa nyuma? Na wa kushoto? Shimo lake liko mita nne kutoka kisima chako, nyuma ya ukuta, na hakukuuliza. Uchunguzi uliofanywa Kisumu, mitaa ya Manyatta na Migosi, ulikuta vijidudu vya kinyesi katika visima vilivyozungukwa na vyoo. Vile ni vifupi, vya kuchimbwa kwa mkono, na mwenye kisima kirefu hupenda kunikumbusha hivyo. Kirefu kweli ni salama zaidi, mradi pale juu, kati ya ukuta wa shimo na bomba la chuma, pamezibwa kwa saruji. Visima vingi ninavyofungua vimejazwa changarawe hadi juu. Maji machafu yanateremka kandokando ya bomba hadi chini.

Ndipo tufike kwenye lile ninaloomba watu walielewe hata wakisahau mengine yote. Bomba la maji taka halina mita. Huwezi kuweka mita ya kawaida ya nyumbani kwenye kinyesi na matambara. Kwa hiyo ada ya maji taka hukokotolewa kwa maji safi yaliyopita kwenye mita yako: umetumia kiasi hiki, basi sehemu fulani ya kiasi hiki imerudi kwetu ikiwa chafu. Sasa chukua jengo la ghorofa tano, wapangaji arobaini. Landilodi amechimba kisima, hana mita juu yake, maji ya bomba ameyaacha kwenye mfereji mmoja wa mlinzi. Vyoo vyote arobaini vimeunganishwa na bomba la umma la maji taka. Mita ya bomba inasoma karibu sufuri, na ada ya maji taka inakuja karibu sufuri. Kila asubuhi saa kumi na mbili nyumba arobaini zinavuta maji ya choo. Maji hayo yanakwenda kwenye mitambo ya Njoro na ya Mji Mkongwe, yanatumia bwawa lilelile la kusafishia maji taka, umeme uleule na mafundi walewale wanaoingia manholini, yale mashimo ya kufikia bomba, kwa mikono. Gharama inalipwa na mama wa Bondeni mwenye mita yake ndogo. Landilodi hajajitoa kwenye huduma. Amejitoa kwenye kulipa, na hayo ni mambo mawili ambayo kila siku yanachanganywa makusudi.

Nimesimama juu ya manholi moja msimu wa mvua, nikaona bomba la plastiki la inchi nne limetobolewa kuingia humo kutoka kwenye mabati ya nyumba ya jirani. Maji ya mvua ya paa zima yanamiminwa kwenye bomba la choo. Mtaa wa chini, barabarani, manholi zilikuwa zimefura na kumwaga, watoto wakiruka juu ya ule uchafu kwenda shule. Mwenye nyumba ile alinieleza kwa upole kabisa kwamba yeye halipi maji taka kwa sababu ana kisima.

Na mwenye septiki ya kweli? Siku ikijaa anaita eksosta. Lori linanyonya na kuondoka, naye anaona mambo yamekwisha. Lori la halali linakwenda kumwaga kwenye mtambo uleule wa umma. Lori lisilo halali linamwaga mtoni usiku. Na sisi hatuna mto wa kutupelekea uchafu baharini. Ziwa Nakuru halina mahali pa kutokea maji; kinachoingia kinabaki humo, maji yakigeuka mvuke kinazidi kukolea. Ni ziwa lililotambuliwa na mkataba wa Ramsar, wa kulinda ardhioevu, mwaka 1990 na kuingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2011. Lilipofurika miaka hii hadi kumeza nyumba za watu Mwariki, lilifika na mashimo ya vyoo vyao pia. Aliyekuwa na septiki yake binafsi aliikuta ikielea sebuleni kwake pamoja na ya jirani.

Pesa sasa, kwa kifupi. Bomba la mtaa lina gharama ileile likipitisha maji mengi au machache. Tuseme mtaa una nyumba 100 na gharama isiyobadilika ni shilingi 100,000 kwa mwezi: kila nyumba 1,000. Wakijitoa 40, waliobaki wanabeba 1,667. Wengine kumi watasema ni ghali, watachimba. Na wanaoweza kuchimba ndio wanaotumia maji mengi, wanaolipa kiwango cha juu ili kile kiwango cha kwanza, cha mtumiaji mdogo, kibaki nafuu. Wakiondoka, anayeanguka ni mpangaji wa Kaptembwa au Rhonda ambaye hana pesa za kuchimba hata shimo la mti. Yeye atanunua kwa mtungi. Mtungi wa lita 20 kwa shilingi 10 ni shilingi 500 kwa mita moja ya ujazo. Mita hiyohiyo moja kwenye bili ya nyumbani unayoilalamikia ni nafuu kuliko hiyo.

Kuna mahali sina jibu la kujiamini. Katiba, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Mtu aliyekaa wiki tatu bila tone, akaletewa ada ya mita, nitamwambia nini? Zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa na kampuni za maji nchini hayaleti malipo yoyote: yanavuja, yanaibwa, au mita zimekufa. Ni vigumu kumhubiria mtu wajibu huku bomba linatiririka barabarani kwake mwezi mzima. Nilizoea kusema mtu alipe kwanza, alalamike baadaye. Siku hizi nadhani asiyepata maji asilipishwe maji, na asiye na bomba la maji taka asilipishwe maji taka. Lakini bwawa la mwisho la maji taka, lile linalopokea eksosta na mvua na sisi sote, hilo sioni mtu wa Nakuru anayeweza kusema halimhusu. Alilipie kwa njia gani, kwenye bili, kwenye kodi ya ardhi au kwenye ada ya lori, nimebadilisha mawazo mara mbili. Na kumkatia maji mjane anayedaiwa, wakati hoteli yenye visima viwili haidaiwi chochote, hilo nimelishuhudia na sijalala vizuri.

Mwalimu hakukifukia kisima chake. Anakitumia kwa ng'ombe, bustani na choo, amekiwekea mita, na ya kunywa anakinga bombani na kuyapitisha kwenye ndoo ya mkaa wa mifupa. Kila baada ya miezi michache ananiletea chupa.

Yule ndugu wa kikundini nimemwandikia pembeni, si mbele ya watu. Nimemwambia: lete nusu lita, kwenye chupa ya plastiki, si ya kioo. Acha pampu ifanye kazi dakika kumi kwanza, isuuze chupa mara tatu kwa maji hayohayo, ijaze hadi juu, andika siku na saa. Na hesabu hatua kutoka kisimani hadi kwenye mashimo yote ya choo, ya kwako na ya majirani. Amesema ataleta Jumamosi.