Peptidi amilifu za tezi za mate za panya

Peptidi amilifu ni minyororo mifupi ya asidi amino inayotolewa na seli na kuzipa seli nyingine amri: zikue, zigawanyike, au ishara ya maumivu ipunguzwe. Panya ana hazina yake ya peptidi hizi katika tezi ya mate iliyo chini ya taya.

Inayojulikana zaidi ni EGF, peptidi inayochochea ukuaji wa seli za ngozi. Stanley Cohen aliieleza mwaka 1962, baada ya vitoto vya panya vilivyodungwa dondoo ya tezi hii kufumbua macho na kuota meno kabla ya wakati. Ina asidi amino 53 tu, ingawa hukatwa kutoka protini mama yenye zaidi ya 1,200. Tezi hiyo hiyo hutoa NGF, inayokuza neva. Cohen na Rita Levi-Montalcini walipewa Nobel mwaka 1986.

Seli zinazohifadhi EGF na NGF huendeshwa na testosteroni, homoni ya kiume, ndiyo maana dume wa panya wa aina ndogo (mouse) anazo nyingi kuliko jike. Ukichanganya madume na majike kwenye jaribio moja, utaisifu dawa kwa kazi ya jinsia.

Halafu kuna sialofini ya panya wa aina kubwa wa maabara (rat), yenye asidi amino 5. Huzuia neprilisini, kimeng'enya kinachovunja enkefalini, vituliza maumivu vya mwili wenyewe. Wale wanaosema panya hung'ata huku akipuliza wasishangilie bado: nguvu yake ilipimwa kwa kuwadunga panya mshipani, haikupimwa kwenye kidole cha mtu aliyelala.

Kazi ngumu ni kuzipata zikiwa nzima, maana tezi imejaa pia kalikreini, vimeng'enya vinavyokata protini. Panya aliyekufa mtegoni usiku, kwa joto la Bagamoyo, asubuhi hafai kwa kipimo hiki. Tezi itolewe mara mnyama anapouawa kwa utaratibu unaoruhusiwa, igandishwe papo hapo kwa nitrojeni kimiminika, itunzwe kwenye nyuzi -80, na isagwe ikiwa baridi ndani ya bafa, yaani kimiminika kisichobadilika asidi yake kirahisi, yenye vizuizi vya proteasi, yaani vya vimeng'enya hivyo vinavyokata protini. Gawa sampuli kwenye mirija midogo ya kutumika mara moja. Kuyeyusha na kugandisha tena huziharibu, na umeme ukikatika friza haibagui. Chagua mirija isiyonasa protini. Kwenye plastiki ya kawaida, peptidi iliyo kidogo hujibandika ukutani, nawe ukaandika kwamba haikuwepo.