Kibali cha kujenga redio Marekani hakingoji mwenye nacho
Wengi bado wanaamini kwamba mwenye kibali cha kujenga kituo cha redio Marekani akichelewa, huiandikia tu FCC, mamlaka ya mawasiliano, akaongezewa muda. Sivyo. Kibali kipya hudumu miaka 3. Siku ya mwisho ikipita kabla kituo hakijakamilika na ombi la leseni halijawasilishwa, kinakufa chenyewe, hata bila barua ya kukifuta. Muda husimama kwa sababu chache, kama janga la asili au kibali kupingwa mahakamani, na FCC lazima ijulishwe ndani ya siku 30 tangu tukio. Ukata haumo. Mvutano na halmashauri kuhusu mnara, usiofika mahakamani, pia haumo, na hapo ndipo wengi huumia. Fedha iliyolipwa mnadani kupata masafa hairudishwi.